Bomba Lililouma Ghorofa ya Nne

Nyeleti Mabasa alikuwa fundi umeme kwa miaka ishirini na sita, mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu. Majengo ya zamani ya ofisi katikati ya Johannesburg yalipoanza kugeuzwa nyumba za kupanga, yeye ndiye aliyeitwa kunyoosha kazi ambazo mafundi wengine walizilipua wakaondoka.

Jumanne moja ya Julai, baridi ikiuma, aliitwa na Koko Ramadimetja, bibi wa ghorofa ya nne aliyeishi peke yake; koko, yaani bibi, ndivyo wote walivyomwita.

"Bomba langu linang'ata, mwanangu," bibi alisema. "Msimamizi anasema ni uzee. Eti mishipa."

"Linang'ata saa zote, koko?"

"Saa za kupika ndiyo zaidi."

Jibu hilo halikumpendeza Nyeleti. Akatoa meta, ncha moja akaigusisha kwenye koki, nyingine kwenye sakafu yenye maji. Volti sitini. Akazima umeme wote wa nyumba ya bibi, akapima tena. Sitini vilevile. Basi ule haukuwa umeme wa bibi. Ulikuwa wa mtu mwingine.

"Koko, usiguse maji mpaka nirudi."

Alipima kwa jirani, akapanda juu, akashuka chini. Kila koki, kila jiko, kila fremu ya chuma ilikuwa na umeme. Akamtafuta Bhekithemba, msimamizi wa jengo, amfungulie chumba cha chini.

Huko aliuona waya wa ethi wa jengo zima, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, mnene kama kidole, umefungwa kwenye bomba kuu la maji, la chuma. Akalifuata kwa tochi. Hatua mbili mbele chuma kiliishia, ikaanza plastiki ya buluu.

"Bomba hili lilibadilishwa lini, kaka?"

"Mwezi wa nne. Lilikuwa linavuja."

"Bomba la chuma ndilo lililokuwa linashusha ardhini umeme uliopotea. Sasa hauna pa kwenda. Kitu kikiharibika kwa mtu mmoja, unaingia kwa kila mtu humu, unasubiri mkono."

"Dada, watu wanaoga kila siku. Nani amekufa?"

Nyeleti alimpita akaenda kwenye ubao wa swichi. Alishusha swichi kuu, akaitia kufuli lake mwenyewe, akaandika kwenye kadibodi kwamba mtu asiwashe. Nyumba sitini na mbili zikazimika, na ngazi zikajaa watu.

"Mama, kukatiwa umeme kila wiki hakutoshi, na wewe umekuja kutuongezea?" mwanamume mmoja alimuuliza.

"Leo nunua maandazi ya magwinya barabarani, baba. Kesho utapika."

Wengine walicheka, lakini si wengi. Akaenda kununua fimbo za shaba za kupigilia ardhini ziwe ethi mpya. Duka lilikuwa na foleni. Aliporudi, jua lilikuwa linazama, na kutoka kwenye kona aliona madirisha ya jengo lile yanawaka taa, ghorofa juu ya ghorofa.

Alikimbia. Kule chini kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa. Akashusha swichi, akapanda ngazi gizani kwa tochi.

Koko Ramadimetja alikuwa amelala bafuni, ndoo imepinduka, maji bado yanatiririka. Alikuwa anapumua. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na alama nyeusi.

Bhekithemba alitokea mlangoni, anahema. "Mwenye jengo alinipigia. Watu walikuwa wanamlalamikia. Akasema niwashe."

"Shika miguu," Nyeleti alisema.

Wakamteremsha ghorofa nne.

Asubuhi yake alipigilia fimbo tatu uani, kwenye udongo mwekundu mgumu kama tofali, mpaka meta ikampa namba aliyoitaka. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Ghorofa ya saba alikuta jiko linalovujisha umeme, na swichi ya usalama imefungwa kipande cha waya isiweze kukata umeme. Mpangaji wa humo, muoka mikate wa zamu ya usiku, alikaa kitandani.

"Swichi ilikuwa inajizima kila nikipika, mama."

"Ilikuwa inakwambia kitu."

Bibi alipona, ila vidole vyake viwili havikunyooka tena. Juma lililofuata mwenye jengo alimwita Nyeleti ofisini, akamwomba kwa upole atie saini karatasi kwamba ethi ilikuwa salama tangu mwezi wa nne. Nyeleti akairudisha karatasi upande wa pili wa meza.

"Wale mafundi bomba walibadilisha mabomba ya majengo mangapi mengine?"

"Mpaka nitazame."

"Tazama. Nitasubiri."

Mwenye jengo alihesabu kwenye simu yake.

"Matano," akasema.

Nyeleti akachukua begi, akaomba anwani ya jengo lililo karibu zaidi. Lilikuwa na nyumba mia moja na kumi. Alipofika, chumba cha chini kilikuwa kimefungwa, na hakuna aliyekubali kwamba anao ufunguo.