Mwalimu Paulin na Mkono wa Salamu

Kaswera aliuza maharagwe sokoni Butembo, mashariki mwa Kongo, na ulimi wake ulikuwa mkali. Ukimpunja, alikuaibisha mbele ya soko zima. Mumewe Paulin, mwalimu wa shule ya Waprotestanti, alikuwa mpole kupita kiasi. Akisalimiana na mtu, hata mwanafunzi wake, aliinamisha macho na kushika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto ndipo atoe kiganja. Ndivyo Wanande, watu wa huko, walivyolelewa. Kaswera alimtania kwamba siku moja angempa mkono hata mbuzi.

Mwaka wa sitini na nne waasi walioitwa Simba wakaingia mjini. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Walikaa kwenye kizuizi cha barabara ya Rughenda, majani yamefungwa vichwani, wakikodolea watu macho bila kupepesa. Waliamini kwamba wakiguswa, dawa yao ya vita inaharibika. Jirani Ananie alipofika pale asubuhi ya kwanza, aliwapa mkono kwa adabu zote, macho chini. Wakasema ametumwa kuwaharibia dawa, ndiyo maana anaficha macho. Wakampeleka nyuma ya miti. Kofia yake ilikaa barabarani siku nne, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

Shamba la Kaswera na Paulin lilikuwa ng'ambo ya kizuizi hicho, na chakula kilikuwa kimekwisha. Basi Kaswera akamfundisha mumewe upya. Kila alasiri alifunga mlango, akasimama mbele yake na kumpa mkono. Paulin akiuinua wake, Kaswera aliuchapa kwa kijiti. Mikono ibanwe mapajani, macho yabaki juu.

Siku ya sita mkono haukuinuka. Paulin alimtazama muda mrefu bila kupepesa. Mtu ambaye Kaswera hakumjua alikuwa amesimama chumbani mwake. Aliogopa, ingawa alifurahi pia.

Paulin akapita kizuizini miezi mitatu bila kuguswa. Lakini hata nyumbani alikuwa vilevile. Binti yao, Léa, akawa hali chakula baba yake akiwepo.

Mwaka ulipokaribia kwisha, wanajeshi wa serikali wakauteka mji. Waliwapanga wanaume uwanjani ili kuwatafuta waasi waliojificha. Mkubwa wao hakuuliza jina la mtu. Alipita mstarini akimpa kila mmoja mkono, na wanaume wa Butembo waliupokea, macho chini, kiwiko kimeshikwa. Kaswera, aliyekuwa upande wa wanawake, akaelewa kinachotafutwa: mtu anayeogopa kuguswa.

Mkono ukafika kwa Paulin. Aliuona, bega lake la kulia likainuka kidogo. Lakini mkono wake haukutoka pajani, na macho yake hayakushuka.

Kaswera akakimbia, akapiga magoti, akaeleza kwamba huyo ni mume wake, mwalimu, mji mzima unamjua.

"Mais, lakini mama," mkubwa alisema taratibu, "mwalimu gani anakatala mukono ya mutu? Nani alimufundisha kusimama hivi?"

Ulimi wa Kaswera ulikuwa mzito. "Ni miye," alisema. "Ni miye nilimufundisha."

Askari wakacheka, hakuna aliyemwamini. Wakamchukua Paulin, naye akaenda mbele yao macho juu, kama mkewe alivyomwagiza.