Manjano ya Visiwa vya Karafuu

Kwa wapaka rangi ramani wa Amsterdam, mwanamke akitafuta kazi hakuulizwa anajua nini. Aliambiwa atoe ulimi. Ukiwa na rangi, alipewa kiti. Ukiwa safi, alirudi kwao na usafi wake. Maana brashi ya kuzungushia pwani za Mashariki lazima ichongoke kama sindano, na hakuna kinachoichongoa kama mate.

Machteld, mjane wa karibu na mfereji, alikuwa na ulimi wa kijani kibichi. Majirani waliapa kwamba akipiga miayo ng'ombe humfuata wakidhani wameona malisho. Naye alimfundisha bintiye Aeltje vilevile: chovya, lamba, paka.

Mwaka mmoja Bwana Barend, mwenye duka, alileta ramani mia mbili za visiwa vya karafuu vya Mashariki ya mbali na bandari zake. Matajiri walitaka visiwa ving'ae ukutani kama dhahabu. Rangi ya manjano akapewa Aeltje, aliyekuwa na mkono usiotetemeka.

Kufikia ramani ya sitini, Aeltje alianza kutapika. Machteld akalaumu samaki wa chumvi, akawapiga marufuku nyumbani. Nywele zikaanza kunyonyoka. Akalaumu mapenzi, akamfukuza seremala aliyekuwa akimposa binti. Brashi tu ndiyo hakuilaumu. Tena akamletea kazi kitandani, akiamini mikono yenye shughuli husahau maumivu.

Ndipo jirani yao Geesje, mke wa muua panya, akaja kumjulia hali mgonjwa. Akaliona jiwe la manjano kando ya kinu cha kusagia rangi.

"Shoga, jiwe hili mume wangu hulichanganya na unga. Panya akilionja hamalizi ngazi."

"Hilo ni la ramani," Machteld akajibu.

"Panya hajui ramani, shoga."

Machteld akamnyang'anya binti brashi akaivunja, kisha akamnywesha maziwa mpaka ndoo ikakauka.

"Bado bandari mbili tu za ramani hii, mama," Aeltje akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Na maziwa yakishindwa, utamlaumu nani?"

Akafa Alhamisi, kabla ya adhuhuri.

Barend alikuja kutoa pole, kofia mkononi, na baada ya pole akauliza habari za bandari mbili zilizobaki. Machteld alizipaka palepale mbele yake, bila kulamba. Mistari ikatoka minene kama minyoo. Barend akatikisa kichwa, akakusanya karatasi zake na lile jiwe, akavipeleka nyumba ya tatu, kwa mama mwenye mabinti wanne.

Machteld akamfuata nyuma. Alibisha hodi kwa huyo mama, kisha nyumba ya nne, na ya tano, akiwaambia wanawake wasitie manjano mdomoni. Walimsikiliza kwa heshima yote anayopewa mfiwa. Wakanong'onezana kwamba uchungu umempanda kichwani, na labda pia uchoyo wa kazi. Wakampa mkate, wakamshika bega mpaka kizingitini, wakafunga mlango, wakarudi kwenye brashi zao.