Siwezi, Afande

Mume wangu alikuwa fundi wa magari jeshini. Injini ikikohoa, alijua inaumwa wapi kabla hajafungua boneti. Kisha lori alilopanda likakanyaga bomu lililotegwa ardhini, akarudi nyumbani na mgongo usioinama na mikono inayotetemeka hata akishika kijiko. Watoto wakamzoea upesi. Mimi sijamzoea mpaka leo. Namtamani yule aliyekuwa akiingia jikoni akinuka grisi, nikimfukuza ananifuata makusudi.

Askari aliyeumia kazini hulipwa pensheni ya ulemavu, mradi jopo la madaktari likubali kwamba hawezi kazi tena. Sisi tuliishi kwa cherehani yangu, na cherehani yenyewe ilishachoka kuliko mimi. Basi akaenda. Daktari mkuu wa jopo, naye mwanajeshi, akamuuliza, "Hali yako?" Bwana mkubwa akabana visigino, akatunisha kifua: "Mzima, afande!" Wakaandika mzima. Nilipomuuliza kilichompata, akasema mdomo ulimtangulia. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika upya.

Tulipoomba apimwe tena, nikafuatana naye. Njia nzima nilimfundisha kama mtoto wa chekechea.

"Baba, ukiulizwa hali unasemaje?"

"Nasema naumwa."

"Na kazi je?"

Akageuka kutazama gari lililokuwa likipita. Jeshini, aliyesema "siwezi" alirushwa kichura, akiruka amechuchumaa, mpaka neno lenyewe limtoke kichwani. Lakini mimi nilijua haikuwa hofu ya kichura. Ovaroli yake ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango, na kila nikifua nguo aliniletea niifue nayo, wakati haijavaliwa. Nami niliifua bila kusema kitu.

Daktari alikuwa yuleyule.

"Hali yako?"

"Mzi..." Nikamkanyaga mguu. "Naumwa, afande."

"Wapi?"

"Mgongo. Mikono. Usingizi nao sina."

Daktari akaweka kalamu mezani, akamtazama. "Kazi ya ufundi unaiweza?"

Akaitazama mikono yake. Neno moja tu ndilo lililotuleta, na bila hilo tungelala njaa, lakini roho iliniuma, nikatamani alimeze.

"Siwezi, afande," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Daktari akaandika, akagonga muhuri. "Pole, fundi. Utalipwa."

Nikamshika mkono tuondoke. Hakuinuka.

"Afande, nikishaanza kulipwa, naruhusiwa kufungua injini ya mtu?"

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Sitamtoza kitu. Nifungue tu, niangalie ndani."