Hewa ya Kinamasi

Watu wa shantiye, pale mahali pa ujenzi, walimwita Bulaimu baba wa taa, na kwa muda mrefu jina hilo lilimfurahisha. Alizaliwa Lusangi, upande wa Kabambare, akachukuliwa bado kijana kwenda Katanga, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Huko alifundishwa kutumia taa iliyozungushiwa wavu wa nyaya usioruhusu moto kutoka nje. Unapunguza utambi mpaka moto ubaki kama punje ya mpunga, kisha unainua taa polepole kuelekea juu. Pakiwa na ile hewa inayolipuka, juu ya moto inatokea kofia nyembamba ya buluu. Ukiiona, unashusha taa taratibu na kutoka, na hakuna mtu anayeingia mpaka upepo upite.

Aliporudi akakaa Nyangwe, akivua samaki, akidhani mambo ya taa yamekwisha. Lakini Kasongo wakaanza kujenga depo ya mfanyabiashara mmoja, bondeni, mahali palipokuwa kinamasi. Walijaza udongo juu ya matope na majani yaliyooza, wakachimba stoo ya chini ya ardhi. Vibarua wakaona mapovu yanachemka kwenye maji ya shimo, na maji yenyewe ni ya baridi. Mmoja wao akawasha kiko ukingoni. Moto ukakimbia juu ya maji ukamuunguza miguu. Mbelgiji aliyesimamia kazi akasimamisha kila kitu, akaagiza taa, akauliza nani anaijua. Bulaimu akanyoosha mkono.

Ndivyo alivyopata nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi, na posho ya kila juma. Alikuwa mjane, akamwita binti yake Faida na mume wake Yakubu waje wakae naye. Yakubu, mtu mpole wa hapo hapo Kasongo, akapewa kazi ya mabomba. Yule Mbelgiji alitaka mabomba yapite chini ya sakafu na kupanda ukutani hadi juu ya paa, ili hewa ya kinamasi ipate njia badala ya kujikusanya chini ya dari ya simenti. Maungio yake yalizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kwa hiyo Yakubu, kila alipoingia stoo, aliingia na moto, na kila mara Bulaimu alimtangulia na taa.

Kilichomharibikia Bulaimu ni macho. Usubi, wale inzi wadogo wa mto, walimuuma miaka yote ya Nyangwe. Kwanza ngozi ikawasha, kisha macho yakawasha, kisha ukaja ukungu, kama moshi wa mbuga inayoungua mbali. Akaanza kuuona moto wa taa umezungukwa na ukungu kila siku, hata akiwa uwanjani penye upepo. Hakuweza tena kujua ukungu upi ni wa macho na upi ni wa hewa. Na hewa ile haina harufu. Hilo alilijua kuliko wote.

Hakusema. Mwanamume aliyeachishwa kazi alirudishwa kijijini kulima pamba ya serikali, na aliyelima vibaya alichapwa fimbo. Bulaimu alijiona na macho yale katikati ya mistari ya pamba, aking'oa miche na kuacha magugu. Akajiambia mabomba yako karibu kuisha. Akajiambia pia kwamba milango ikifunguliwa mapema na watu wakapepea vizuri kwa mikeka, hewa itatoka tu, taa au si taa.

Ikaja mvua kubwa, ikanyesha mfululizo, na stoo ikabaki imefungwa. Asubuhi ilipoacha, kapita Dominique, msimamizi wa vibarua, akaamuru milango ifunguliwe. Vibarua wakapepea. Bulaimu akashuka ngazi, akapunguza utambi, akainua taa mpaka karibu na dari. Yakubu alisimama mlangoni, jiko lake la makaa likiwa nyuma yake.

"Baba mukwe, iko namna gani?"

"Ngoja kwanza."

Akaangalia tena. Aliona ukungu, uleule wa jana na wa juzi. Akafumba macho, akayafumbua, akaona ukungu. Juu kule Dominique alikuwa akiuliza kama kazi itaanza leo au kesho.

"Iko muzuri," Bulaimu akasema. "Ingia."

Walipishana kwenye ngazi. Yakubu alimshika bega kumsaidia kupanda, kama alivyozoea. Bulaimu alikuwa ameshafika uwanjani aliposikia kishindo kizito, kama mlango mkubwa uliopigwa na upepo, kisha joto likampita mgongoni. Waliomtoa Yakubu walimfunika kwa mikeka ileile. Alikufa kabla jua halijafika utosini, na muda wote huo aliuliza tu kama Faida ameitwa.

Mbelgiji akaikagua taa, akaiona nzima. Akawaambia watu kwamba ardhi imepasuka ghafla baada ya kupimwa na kutema hewa yake, na kwamba jambo hilo hakuna mtu angeliweza kulijua. Watu wakaja kumpa Bulaimu pole, mmoja mmoja. Siku ya pili alimfuata Dominique, akamwambia, "Kapita, macho yangu haioni. Ni mimi nilimutuma mule ndani." Dominique akamtazama kwa huruma. "Muzee, hayo ni maneno ya kilio. Wende ukalale."

Basi akaenda kwa Faida. Alikuwa ameketi chini kati ya wanawake, na wanawake wakawapisha.

"Mama," akamwambia binti yake, "ile siku sikuona kitu kwenye taa. Tangu zamani sioni."

Faida hakuinua kichwa.

"Najua, baba. Ulikuwa unamimina maji pembeni ya kikombe. Nilijua tangu kiangazi."

"Ulimwambia Yakubu?"

"Kama ningemwambia, angesema kwa kapita. Tungefukuzwa wote. Nilifikiri utajua mwenyewe siku ya kukataa."

Bulaimu alikaa pale mpaka wanawake waliporudi.

Depo ilimalizwa na watu wengine. Baba na binti wakarudi Lusangi, na ukungu ukafunga kabisa. Faida alimlimia shamba la pamba, akampikia, akamwambia kila mara kilichomo kwenye sahani na kiko upande gani. Jambo lenyewe hawakulitaja tena. Wakati mwingine Faida alisimama ghafla akiwa anafagia, na Bulaimu alisikia ufagio umenyamaza, akangoja. Kisha ufagio ukaendelea.

Mamaye Yakubu, Mwanvua, alikuwa akija kutoka Kasongo kila baada ya mavuno, mwanamke mzee, safari ndefu ya miguu. Alileta kuku na mchele. Alikaa karibu na Bulaimu, akamshika mkono.

"Nakuja kukushukuru," alisema. "Wengine walikuwa wanasimama juu tu. Weye ulikuwa unashuka wa kwanza kwa ajili ya mutoto wangu."

Bulaimu alifungua mdomo.

"Mama," Faida alisema kutoka mlangoni, "chakula iko tayari. Mukuje mukule."