Mlango wa Kabati la Nekesa

Asubuhi ile Nasike alitoka mtaa wa Langas, Eldoret, kwa miguu akiwa amepakata mlango. Haukuwa mlango wa nyumba. Ulikuwa mlango wa kabati la jikoni, mrefu kuanzia gotini hadi kidevuni, na alikuwa ameuzungushia leso ili vumbi la barabara lisiuchafue. Binti yake Linet alimfuata nyuma, kila mara akinyoosha mikono.

"Mama, nipe nikusaidie."

"Wacha. Nimeushika."

Penye kibanda cha sukuma wiki aliketi Cherono, mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpita bila kutupiwa neno. Aliinua kisu chake akacheka. "Mama Nekesa! Na leo umebeba nani hivyo?"

Kisha akakumbuka. Kisu kilibaki hewani.

"Pole, mama. Si unajua mdomo wangu."

"Ni mlango tu," Nasike alisema, akapita.

Nekesa alikuwa kifungua mimba wake, na mtaa mzima ulimwita mama kwa jina hilo. Alikuwa msichana wa kuoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa, daima ana unga kwenye nyusi. Alianza kumjengea mama yake jikoni mpya ndani ya nyumba, mahali ambapo wangeweza kuoka pamoja. Makabati alimwagiza fundi Gathogo amtengenezee, ya kijani chepesi kama njegere changa. Vigae vya sakafu alinunua mapema, alipoona bei imeshuka: vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu kama moshi unaopotea. Alikuwa akichukua kigae kimoja na kipande cha mbao kilichopakwa rangi na Gathogo, anavishika pamoja dirishani. "Tazama, Mama. Hivi vimeoana."

Homa ilimchukua wakati mahindi yalikuwa yamefika magotini. Walimzika Moi's Bridge, kwa baba yake. Usiku ule mvua ikanyesha, na asubuhi udongo ulikuwa umeanza kudidimia. Ami yake, Wepukhulu, akasema mtoto wao hataachwa kwenye matope. Vigae vipo Eldoret vimekaa bure, vya jikoni ambayo haipo tena, viletwe vifunike kaburi. Nasike alikuwa amelala kwenye godoro katika chumba cha wanawake, hana nguvu ya kukubali wala kukataa. Alisikia mashine ya kukata vigae ikilia nje. Alipoweza kuinuka na kutoka, aliona jikoni yake imelala juu ya mwanawe.

Gathogo alikuwa mtu mwaminifu. Mavuno yalipokwisha alikuja na mkokoteni, makabati yote yakiwa tayari, akayapanga juu ya sakafu ya saruji isiyokuwa na kitu. Alifanya kazi bila kupiga mluzi, akaondoka.

Ndipo mlango ukaanza. Ulikuwa wa kabati refu lililosimama pembeni, lile ambalo Nekesa alitaka liwe la unga. Nasike anaufunga, akigeuka kuweka maji ya ugali jikoni, anasikia bawaba ikilia kidogo nyuma yake, na mlango unafunguka polepole, kama mtu anayechungulia aone kama kuna wageni. Anaufunga tena. Unafunguka tena. Baada ya wiki moja Nasike alihamishia jiko la makaa nje, chini ya paa, akapikia huko hata mvua ikimrukia mgongoni.

"Mama, ni sakafu imelala upande," Linet alimwambia. "Hakuna kitu."

"Najua," alisema Nasike. Alijua, na bado hakuingia.

Ni Linet aliyeng'oa mlango ule kwa bisibisi. Alisema ni wa kupeleka dukani walinganishe rangi, maana jikoni haiwezi kukaa mwaka mzima bila sakafu na bila jiwe la kukatia mboga. Huenda alitaka pia mama yake apumzike. Lakini kabati lisilo na mlango lilikuwa baya zaidi. Lilikesha limeachama.

Mwenye duka aliitwa Macharia. Asubuhi ile aliwaona wakiingia na ule mzigo akapanua mikono. "Mama, umeniletea mlango! Sasa nyumba iko wapi?"

Linet alicheka, na Nasike naye akajaribu. Wakaifungua leso, wakausimamisha mlango ukutani.

Walianza na jiwe la kuweka juu ya makabati. Macharia aliwapeleka kwenye graniti nyeusi iliyong'arishwa, akaifuta kwa mkono wa shati. "Hii ndiyo wakubwa wa Elgon View wanachukua. Haichubuki, hainyonyi mafuta."

Nasike akainama. Ndani ya jiwe aliona uso wake, na nyuma ya bega lake uso wa msichana mwenye paji pana kama la Nekesa. Akageuka. Alikuwa Linet, amesimama tu, anatafuna kucha.

"Hii hapana," alisema. "Inaangalia watu."

"Haya, mama, kuna isiyoangalia," alisema Macharia bila kubishana. Aliwaonyesha jiwe la kijivu lenye vidoadoa, kama unga wa wimbi uliomwagika. Linet alilipapasa, akatabasamu.

"Hii hata unga ukimwagika hauonekani, Mama."

"Nekesa angeipenda, alikuwa mvivu wa kufuta," alisema Nasike. Jiwe wakalichukua.

Vigae ndivyo vilivyowashinda. Vya kahawia kando ya ule mlango vilionekana kama matope. Vya bluu vilipigana na kijani. Vyenye maua Linet alivikataa mwenyewe, akasema hiyo ni sakafu ya kinyozi. Macharia alipanda na kushuka ngazi, jasho likimtoka, hadi akapiga makofi.

"Ngojeni! Mimi nahangaika na iko huku ndani."

Akatoka stoo na boksi, akatandaza vigae vinne sakafuni chini ya mlango. Vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu kama moshi. "Si mnaona? Hii na mlango wenu ni kama mapacha."

Nasike alishika ukingo wa kaunta.

"Mama," Linet alisema taratibu, "ndiyo zile alichagua."

"Naziona."

"Basi tuchukue."

"Wewe una akili? Nisonge ugali nikisimama juu ya..." Hakumalizia. "Mpe Macharia arudishe."

Linet alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akapanda juu ya vigae vile vinne kwa miguu mitupu.

"Toka hapo!" Nasike alipiga ukelele. "Linet! Toka juu yake!"

Duka lote liligeuka. Mteja aliyekuwa akipima bomba aliliacha lianguke. Linet alibaki pale pale, machozi yakimtoka, mikono imelegea.

"Mama, hapa hakuna mtu chini," alisema. "Zile za kule ami alichukua. Nekesa hakuchagulia kaburi. Alikuchagulia wewe."

Nasike aliitazama miguu ile mitupu. Mtoto huyu alikuwa amekaa na neno hilo tangu lini? Kisha akavua ndala yake ya kulia, akaweka unyayo pembeni mwa kigae, kama mtu anayepima maji ya mto asioujua. Baridi ilimpanda hadi gotini. Baridi tu.

"Nifungie hizi," alimwambia Macharia. "Lakini mlango nitabeba mimi."

Fundi wa vigae, kijana mchangamfu aitwaye Vincent, alikuja Jumatatu. Makabati mafupi aliyasogeza yote nje. Alipofika kwa lile refu, ambalo Linet alikuwa amelirudishia mlango, aliweka pimamaji yake sakafuni mbele yake, akatikisa kichwa.

"Hapa ndipo saruji imezama. Ndiyo maana hii mlango inafunguka yenyewe, sivyo? Natoa kabati, najaza chini, haitakusumbua tena, Mama Linet."

Nasike alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya fundi. Tangu mavuno alikuwa ameomba usiku na mchana mlango ule ukome. Sasa alikitua kikombe kizingitini bila kumpa fundi.

"Hiyo kabati usitoe."

"Lakini mama, itabaki imelala upande. Mtu akiona atasema Vincent hajui kazi."

"Weka vigae mpaka kwenye miguu yake. Chini yake usiguse."

"Sawa, Mama Linet, lakini..."

"Mama Nekesa," alisema. "Mimi naitwa Mama Nekesa."

Vincent alimwangalia Linet. Linet akaangalia dirishani.

"Sawa, Mama Nekesa."

Sakafu ilipokauka na jiwe la wimbi likawa mahali pake, Nasike alirudi kupika ndani. Siku ya kwanza alitembea ukutani ukutani, miguu mitupu, hakukanyaga katikati. Linet alikaa kwenye kigoda akikata sukuma wiki. Nasike aliteka maji, akawasha jiko, akasimama mbele ya sufuria.

Nyuma yake bawaba ikalia kidogo.

Kisu cha Linet kilinyamaza. Nasike hakugeuka. Alinyoosha mkono kwenye chombo cha unga, akachota kiganja, akauacha ukidondoka kidogo kidogo juu ya jiwe la kijivu, pale ambapo hauonekani.

"Ngoja," aliuambia mlango, kwa sauti ya kumjibia mtoto aliyetoka shule na njaa. "Maji bado hayajachemka."