Nilivyomjibia Kabula Mtihani Wake

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu tisa, na bado nikiikumbuka siku ile chuoni najifunika uso hata kama niko peke yangu jikoni. Chekeni tu, nami leo nacheka, ila siku ile sikucheka.

Mjukuu wangu Kabula alikuwa anasomea protini. Miezi yote ile tukichambua dagaa hapa Igogo alikuwa ananieleza (shule niliishia la tatu, lakini masikio ninayo) kwamba protini ikitengenezwa ni kama uzi, lazima ijikunje ipate umbo lake, na joto likizidi zinagandana kama ute wa yai kwenye sufuria, ndipo kuna protini nyingine, yeye aliziita walezi, zinazozishika zisiharibike. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mlezi anavyoishika ile protini.

Siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya walimu akaniambia, "Bibi, wewe ukae nyuma kabisa." Nikakaa mbele. Nilisingizia goti.

Walimu walikuwa watatu, Profesa Bulugu, Dokta Anastazia na mwembamba mmoja, Dokta Respicius (majina hayanitoki), wamejipanga mezani vilevile kama wazee waliokuja kuposa, na huyo Respicius akauliza, "Unajuaje kama mlezi ameishika kweli hiyo protini, na si kwamba wamekutana tu kwenye kichupa?" Kabula akachukua glasi. Akanywa maji. Mimi nikaona mtoto anazama, na kwetu binti akiposwa hajibu yeye, bibi yake ndiye anamjibia, nilishawajibia dada zake Minza, Kulwa na Dotto na wote wakaolewa, basi nikainuka.

"Baba, binti haulizwi hivyo. Niulize mimi."

Ukumbi mzima ukacheka. Ningekaa hapo, yangeisha. Lakini wapi! "Alimkamata mlezi akamvuta," nikasema, "na protini ikaja imeshikwa! Hata zile mara mbili za kwanza alipovuta asipate kitu, akalia, mimi ndiye niliyemwambia arudie."

Kicheko kikakatika. Respicius akafunua kitabu cha Kabula, ukurasa kwa ukurasa. "Mara mbili zipi? Humu hazimo."

Mungu wangu. Miaka yote ya mtoto yule nimeimwaga kwa mdomo wangu.

"Bibi, naomba ukae," Kabula akasema taratibu, halafu akawageukia. "Ni kweli. Mara zile mbili niliweka kemikali inayompa mlezi nguvu, na akishaipata anaiachia protini, kwa hiyo nilipomvuta alikuja mtupu. Nilipoiondoa wakaja wote wawili. Kama wangekuwa wamekutana tu kichupani, kemikali ile isingebadili kitu."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Niliona aibu. Nilidhani nimekosea."

Profesa Bulugu akavua miwani. "Kaandike. Hilo ndilo jibu la swali uliloulizwa."

Alifaulu, ila kwa sharti la kuandika upya sura nzima. "Bibi, umenipa kazi ya mwezi," akaniambia tukirudi, kisha akacheka mpaka akaniegemea begani, na mimi ndiye nikalia.

Simjibii tena mtu, nimeapa. Jirani akimuuliza Kabula jambo, nauma upindo wa kanga mpaka amalize kujibu mwenyewe. Jana Mama Happy kamuuliza ataolewa lini. Niliuma mpaka kanga ikatoboka.