Nilivyokausha Kisima cha Binti Yangu

Hebu niambie, wewe umewahi kurudishwa kwenu kwa sababu ya usafi? Mie nimerudishwa. Tena na binti yangu wa kumzaa mwenyewe, mwalimu, mtu na heshima zake kule Newala. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze vizuri, ndipo ucheke.

Mie nakaa mashineni, huku bondeni, ukitoka Nanganga unashuka kuelekea mtoni. Zamani wazungu wa misheni walijenga pale mashine ya kusaga iliyokuwa inazungushwa na maji ya mto. Gurudumu lake la chuma ni kubwa, limepita paa la nyumba. Sasa halizunguki, limeshika kutu, kuku wangu ndio wanalala humo. Lakini jengo lake la mawe lipo, ndani wameweka mashine ya umeme, na muhogo tunasagia palepale. Sisi tunakaa kwenye vile vijumba vya mawe walivyojengewa wafanyakazi. Changu nimeachiwa na marehemu mume wangu, naye aliachiwa na baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuyachonga mawe ya kusagia yakishakuwa butu. Mie kazi hiyo siijui hata kidogo, ila wageni wakija kupiga picha gurudumu, nawaeleza kama vile niliifanya kwa mikono yangu. Wananiamini, maskini.

Jambo jingine, watu wa mashineni tunapiga kelele. Tumezoea kushindana na mashine. Tukisalimiana, mgeni anatafuta njia ya kukimbilia.

Lakini kwa kuzaliwa mie si wa huku. Nimezaliwa Mkunya, kule juu upande wa Newala, ambako maji ni shida, mtu anaoga kwa kopo na kopo lenyewe halijajaa. Nilipoolewa nikaletwa mtoni, nilikuja na akili za juu. Maji ya kuoshea mboga nayaweka nioshee vyombo, ya vyombo nawapa kuku. Mto unapita mlangoni, mie nimejaza mitungi mpaka chini ya kitanda! Siku moja mama mkwe akainama kutafuta kandambili yake, akaikuta hiyo mitungi.

"We mwanamke wa juu," akaniuliza, "unaogopa mto utahama?"

Nikamjibu kwa adabu zote, "Samahani mama. Haujawahi kuhama?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Basi, taratibu nikazoea maji. Nikazoea vibaya.

Mwaka jana mvua zilitukamata. Mto ukapanda, ukaingia uani, ukavuka kizingiti, ukaondoka na ndoo zangu na kinu cha kutwangia. Mie nilikuwa juu ya meza, nimemkumbatia jogoo. Jirani akanipiga picha kwa simu, na picha ikafika Newala kabla maji hayajashuka. Binti yangu akaja na gari la kukodi.

"Mama, unakwenda kukaa kwangu moja kwa moja. Huku hurudi tena."

Moja kwa moja! Nyumba ile ndimo nilimozalia wanangu wote, yeye akiwemo. Ndimo alimofia mume wangu. Sikutaka kuondoka hata kidogo. Lakini mtu aliyepigwa picha mezani na jogoo atabisha nini?

Njiani nikajipanga. Nikasema nikifika huko nachapa kazi, waone bibi bado ana nguvu, wenyewe waseme mwacheni arudi, anajiweza.

Nyumba ya binti yangu nzuri, ya bati, na uani wamechimba kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua. Asubuhi wote wakaondoka. Yeye shuleni, mume wake ofisini, mjukuu wangu wa kike naye shule, yuko kidato cha nne. Nikabaki mie na kisima. Nikafunua mfuniko, nikaona maji yametulia yananitazama.

Nikatoa mablanketi yote. Nikatoa mashuka, mapazia, vitambaa vya makochi. Nikafua kama tunavyofua mtoni: unasuuza, unamwaga, unasuuza tena, unamwaga tena. Zulia nikalitandaza uani nikalipiga maji. Nikadeki nyumba mpaka barazani. Nguvu zikabaki, nikauosha na mpapai, maana ulikuwa na vumbi.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Shikamoo bibi. Kuna msiba?"

"Marahaba! Msiba wa nani?"

"Nimeona maji yanamwagika hivyo, nikajua mnangoja watu wengi."

"Hapana mwanangu, usafi tu!" nikamwambia kwa sauti yetu ya mashineni. Akatoweka. Nadhani alijua namfokea.

Nikatupa ndoo tena kisimani. Ikalia kwang'! Saruji kavu.

Mie, mtoto wa Mkunya! Mie niliyelala juu ya mitungi! Nilicheka peke yangu pale ukingoni, halafu kicheko kikaniishia, maana mvua zilishakwisha na yale ndiyo yalikuwa maji yao ya kiangazi kizima.

Binti yangu akarudi, akaona kamba za nguo zimezunguka uani kama sikukuu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefua."

"Umefua nini?"

"Vyote."

Akakaa kwenye ngazi na mkoba wake begani.

Mume wake ni mtu wa Bukoba, mpole, na mkwe hawezi kumgombeza mama mkwe. Aliporudi kazini akasema, "Shikamoo mama." Nikasema, "Marahaba baba." Akachukua taulo, akaenda kisimani, akasimama huko kitambo, akarudi na taulo lake kavu. Akamwita mkewe chumbani. Wakadhani wananong'ona. Mtu aliyezoea kusikiliza umbea katikati ya kelele za mashine, mnong'ono wa chumbani kwake ni tangazo.

"Mke wangu, mama nampenda," nikamsikia. "Lakini mama anahitaji mto."

"Na mto ukimchukua?" Binti yangu akamuuliza. "Ulimwona kwenye ile picha? Yuko peke yake kule. Safari nyingine meza nayo itaelea."

Hapo sikuwa na la kucheka. Alikuwa anasema kweli, na mie nilikuwa nalijua hilo tangu siku ile ile mezani.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao na sare zake za shule. Akaingia katikati ya mazungumzo ya wakubwa bila hodi. "Mama, mie namaliza mtihani kabla mvua hazijaanza. Nitashuka nikakae na bibi mpaka zikatike."

"Wewe utamweza bibi yako?"

"Kumweza simwezi. Kumtoa nitamtoa."

Kisha nikamsikia binti yangu anapenga kamasi, akasema, haya, mama arudi, lakini huyo mtoto akae kule kweli mvua zote, si kwa maneno tu.

Yule mtoto akanifuata uani, akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti yote mawili. "Bibi, nakuahidi. Mvua ya kwanza itanikuta mashineni. Maji yakigusa kizingiti tunapanda wote kanisani mlimani, wewe mbele, mie nyuma. Na ukisema huondoki ukang'ang'ania mlango, nitakubeba na mlango wako."